Mradi wa Historia kidato cha tano: nimeandika "Maji Maji ilisababishwa na pamba", mwalimu kaukataa. Nisaidieni

#1 Kijana_HKL
Habari za humu wakuu. Mwalimu wetu wa Historia katoa mradi wa utafiti, kurasa kumi na tano, kukusanya ni mwisho wa muhula. Nilichagua Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Pendekezo la kwanza niliandika "Chanzo, mwenendo na matokeo ya Vita vya Maji Maji". Likarudi na wino mwekundu: "Hii ni sura ya kitabu. Swali lako ni lipi?" Nikabadili, nikaandika kwamba chanzo kikuu kilikuwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Likarudi tena: "Nani kasema?"

Sasa nani kasema vipi, wakati kila kitabu kinasema hivyo hivyo? Kwani pamba siyo chanzo? Na nianzie wapi? Asanteni.

#2 MzeeWaChaki
Huyo mwalimu mshike vizuri, wamebaki wachache. Kitabu cha kiada hakikuwepo Umatumbi, vita ilikoanzia, Julai 1905. Aliyekiandika alisoma kwa mwenzake, na mwenzake alisoma kwa mwingine. Kazi yako ni kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka umfikie mtu aliyekuwepo, au walau aliyeongea na aliyekuwepo. Hiyo ndiyo maana ya "nani kasema".

Halafu kurasa kumi na tano hazibebi vita iliyotoka Kilwa ikafika Songea. Punguza eneo, punguza muda, kisha uliza kitu ambacho jibu lake wewe mwenyewe hulijui bado. Mfano: kwa nini Wangoni waliingia vitani na Wahehe wakakaa pembeni? Hapo pana utafiti. "Chanzo na matokeo" unaandika usiku mmoja kabla ya kulala.

#3 Mtani_wa_Iringa
Mzee wa chaki taratibu. Wahehe hatukukaa pembeni, sisi zamu yetu tulishamaliza. Lugalo 1891 tulipowasambaratisha Wajerumani nyie wengine mlikuwa wapi? Mkwawa kajipiga risasi 1898 kuliko kukamatwa. Miaka saba baadaye mnatuletea maji kwenye kibuyu mnasema risasi zitageuka maji, tuwaamini kwa lipi?

#4 NdunaMstaafu
Mtani wangu umeruka ukurasa. 1905 Wahehe hawakukaa tu, walitoa watu wa kupigana upande wa Mjerumani. Merere wa Usangu naye hivyo hivyo. Tunaongea historia hapa, haya ya kujisifu peleka kwenye harusi.

#5 Mtani_wa_Iringa
Aya. Lakini sababu nimeitaja, ni ile ile: waliokwishapigwa walijua bunduki ya rashasha inafanya nini. Dogo andika hiyo.

#6 Binti_Rufiji
Kijana, achana na hao watani. Anza na Kinjikitile, ndiye kila kitu. Alikuwa Ngarambe, akaingiwa na pepo Hongo, akatoa dawa ya maji, akaunganisha makabila yote ya kusini, akaongoza vita mpaka alipokamatwa na kunyongwa vita ilipoisha 1907. Bila yeye hakuna Maji Maji. Pia soma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, imeeleza vizuri sana alivyokuwa anawaza.

#7 MzeeWaChaki
#6 dada, mawili ya kurekebisha. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inawaka Umatumbi. Wangoni wameingia Septemba, yeye hayupo tena duniani. Kwa hiyo kama unasema aliongoza vita yote, eleza aliiongozaje akiwa kaburini.

La pili, Kinjeketile ni tamthilia ya 1969. Nzuri, naifundisha, lakini yale anayowaza kwenye jukwaa kayatunga Hussein. Kila mwaka napata mwanafunzi anayenukuu maneno ya mhusika wa tamthilia kama ushahidi wa mahakamani. Dogo usithubutu.

#8 Kijana_HKL
Daah, nilikuwa nimeshanukuu mistari miwili. Naiondoa.

#9 MwanaMaktaba
Usiiondoe, ihamishe. Tamthilia ya 1969 ni chanzo cha msingi kuhusu 1969: Watanzania wa baada ya Azimio la Arusha waliitazamaje Maji Maji. Kuhusu 1905 haikusaidii. Chanzo hakina daraja la kudumu, inategemea umekiuliza nini.

Kitu hicho hicho kwa Nyerere. Mwaka 1956 alipokwenda Umoja wa Mataifa aliitaja Maji Maji, akasema watu walipigana kwa kuwa hawakuamini mzungu ana haki ya kuwatawala. Ukitaka kujua TANU waliitumiaje historia, hiyo ni dhahabu. Ukitaka kujua mkulima wa Nandete alifikiri nini, Nyerere alizaliwa 1922.

#10 Kijiko_cha_Chumvi
Kurasa kumi na tano kwa muhula mzima mnalalamika? Sisi tuliandika kwa mkono, na mwalimu alikuwa anahesabu mistari. Siku hizi mnaongeza ukubwa wa herufi.

#11 Kijana_HKL
Mkuu hujaulizwa 😂

#12 Mkwezi_wa_Nandete
Nimetokea huko huko kwenye vilima vya Umatumbi, niwape la nyumbani. Wote mnasema "pamba" kana kwamba watu waliuchukia mmea. Ushahidi uliokusanywa kwa wazee unasema Nandete waling'oa miche michache tu, haifiki hata nusu tuta. Ile ilikuwa kutangaza vita. Waling'oa, wakasubiri taarifa ifike kwa akida wa Kibata, msimamizi aliyewekwa na Mjerumani. Sasa jiulize, aliyekusudiwa ni nani hapo: pamba, Mjerumani, au akida?

Maana akida ndiye aliyekuwa anaonekana kila siku. Mzungu wa boma alikuwa mbali. Anayekuja na askari kudai kodi, anayekusimamia shambani, anayechapa viboko mtu mzima mbele ya mkewe, ni akida na majumbe wake. Kwetu hadithi za ukoo zina akida nyingi kuliko Mjerumani. Mimi nasema chanzo ni utawala wa maakida. Pamba ilikuwa mahali tu ambapo utawala ule ulikugusa mwilini.

#13 Mchumi_Pwani
#12 ndugu yangu unatenganisha vitu vilivyokuwa kimoja. Mashamba ya pamba ya pamoja yalianzishwa 1902 chini ya Gavana Götzen. Kila jumbe alipaswa kuwa na shamba, watu wa eneo lake wafanye kazi siku kadhaa kwa mwaka, na mapato yagawanywe. Kilichomfikia mlimaji kilikuwa kidogo hadi wengine walikataa kukipokea. Na siku hizo zilikuja kipindi kile kile ambacho shamba lako la chakula linahitaji jembe. Juu yake kodi ya kibanda, inayotakiwa kwa fedha taslimu. Akida alikuwa msimamizi wa mfumo huo. Ondoa pamba na kodi, akida abaki na nini cha kukuchapia?

#14 NdunaMstaafu
Haya mnayoongea ni ya pwani na Umatumbi. Ungoni hakukuwa na mpango ule wa mashamba ya pamba ya jumbe. Sasa Wangoni walipigania nini? Hapo ndipo "chanzo ni pamba" inapofia.

Kwetu wakubwa walikuwa wamepoteza utawala. Ungoni ilijengwa kwa vita na mateka. Mjerumani alipozuia, manduna, wakuu waliokuwa chini ya mfalme, wakabaki na majina. Halafu kuna jambo la mmisionari kuchoma kibanda cha mahoka (mizimu ya mababu) cha Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama, pale walipotambikia. Hilo liliuma kuliko kodi. Mjumbe wa dawa alipofika alikuta watu wamekwishajaa hasira za kwao wenyewe.

#15 Binti_Rufiji
Lakini mlichukua maji. Mngekuwa na hasira zenu tu mngepigana bila maji. Kwa hiyo bado narudi pale pale, dawa ndiyo iliyounganisha. Mtu wa Ngarambe na mtu wa Songea hawakuwahi kukaa kikao kimoja.

#16 MsomajiTu
Na Chifu Songea ndiye aliyeongoza Wangoni, sahihi?

#17 NdunaMstaafu
#16 Songea Mbano alikuwa nduna, siyo nkosi. Wakosi walikuwa Mputa Gama kule Njelu na Chabruma kule Mshope. Songea alikuwa nduna mwenye nguvu sana, ndiyo maana mji una jina lake. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga kwa makumi pale mjini, Mputa akiwemo, na Songea akafuata. Makumbusho ya Maji Maji yapo pale pale, na kaburi la pamoja. Kijana ukipata nauli nenda.

#18 Simba_wa_Yuda
Na fuvu la Songea lilirudishwa 1954 kutoka Bremen. Weka hiyo kwenye matokeo ya vita.

#19 Mtani_wa_Iringa
Hapana hapana hapana. Lile ni la Mkwawa! Mnatuibia hadi fuvu jamani. Mkataba wa Versailles ulilitaja, likarudi 1954, lipo Kalenga.

#20 MwanaMaktaba
#19 yuko sahihi. La Songea Mbano familia bado wanalitafuta. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta. Hiyo peke yake ni mada ya mradi, na magazeti yake unayapata bila kulipa chochote.

#21 Kijana_HKL
Aisee nimejifunza kuliko muhula mzima. Naona hapa sababu zimeshakuwa nne na mnabishana. Sasa utafiti wenyewe naufanyaje? Shule iko Lindi. Rafiki yangu kasema niulize tu akili mnemba, inaandika yote kwa dakika mbili na marejeo juu.

#22 MzeeWaChaki
Marejeo yenyewe ndiyo yatakayokunyonga. Nilisahihisha kazi moja yenye orodha nzuri kweli kweli: mwandishi, mwaka, mji wa kuchapia. Nikatafuta kitabu cha kwanza, hakipo. Cha pili, mwandishi yupo lakini hajawahi kuandika kitabu hicho. Nikamwita mwanafunzi nikamwambia niletee hata kimoja. Akatazama viatu. Itumie kukueleza neno gumu ukipenda, lakini chochote unachokiandika kwenye marejeo uwe umekifungua kwa mkono wako.

#23 Dada_Kinasa
Kijana upo Lindi halafu unauliza ushahidi uko wapi! Chukua simu, nenda kwa wazee.

Ila sikiliza namna ya kwenda. Usiende na swali la "chanzo cha Maji Maji ni nini", utajibiwa kitabu cha kiada, maana na wao walisoma shule au wamesikia redioni. Uliza ya nyumbani. Babu yake baba alikuwa wapi wakati wa vita? Walikimbilia msitu gani? Walikula nini? Mimi nilimhoji bibi mmoja, kuhusu vita alikuwa na sentensi mbili. Nilipouliza chakula akaanza kunionyesha kwa vidole ming'oko, mizizi ya porini, inavyochimbwa, ipi ikiota wapi, ipi inachemshwa na maji yanamwagwa ndipo inalika, na kwamba hayo kayapata kwa mama yake aliyeambiwa na mama yake "tulipona kwa hii". Hapo ndipo vita ilipokuwa imehifadhiwa, kwenye njaa. Wajerumani walichoma vijiji na akiba za chakula kwa makusudi, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Andika jina la anayeongea, umri, na aliyemsimulia alikuwa nani kwake. Na usiku ule ule hamishia rekodi mahali pengine, simu zinaibwa.

#24 MwanaMaktaba
Nakubaliana na #23 lakini tuwekane sawa. Mwaka 1968 wanafunzi wa UDSM walitumwa likizo kwenda kwao kuhoji wazee kuhusu Maji Maji. Wale walikutana na watu waliokunywa dawa wenyewe. Kijana leo atakutana na vitukuu. Anachopata ni mapokeo, siyo ushuhuda, na katikati imepita miaka ya redio, shule na siasa. Bado ina thamani, ila akiite kwa jina lake.

Mahojiano yale ya 1968 ndiyo hazina. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana. Na majalada ya Kijerumani yapo Nyaraka za Taifa, Upanga. Kwa vyote viwili usiende mikono mitupu, nenda na barua ya shule.

#25 Profesa_Maji
Ndogo tu kwa #24: 1968 UDSM haikuwepo kwa jina hilo. Ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, UDSM imejitegemea 1970.

#26 MwanaMaktaba
Ahsante, sawa kabisa.

#27 Kijiko_cha_Chumvi
Nilijua tu Profesa atakuja kwa ajili ya jina la chuo.

#28 Profesa_Maji
Nimekuja kwa mengine pia. Kijana, hizo sababu nne zina wenyewe, na ukiwajua utajibu lile "nani kasema". Gilbert Gwassa na John Iliffe, miaka ya 1960, ndio waliotuwekea picha ya dini iliyounganisha watu dhidi ya pamba na kodi. Nchi ilikuwa changa, umoja ulikuwa unatafutwa, na picha ile ilikaa vizuri kwenye vitabu vya shule. Mwaka 1998 Jamie Monson akasema tazameni kusini magharibi: waliojiunga na waliokataa wanafuata ugomvi wa zamani wa wao kwa wao. Hiyo inamsaidia mtani wa Iringa. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alitazama Uzaramo, akasema wanaume walikuwa mbali kwa kazi za kulazimishwa, uwindaji umebanwa, nguruwe pori wanamaliza mazao, na wanawake wamebaki na mzigo wa shamba.

Hata idadi ya waliokufa ina mwenyewe. Wajerumani walitaja 75,000, Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Ukiandika moja bila kusema ni ya nani, mwalimu wako atakurudishia tena.

#29 Mchumi_Pwani
Nguruwe tena? Vita ya watu laki mbili tunawapa nguruwe?

#30 Mama_Shamba
#29 wewe hujawahi kulala dunguni. Nguruwe wakiingia shamba la mahindi usiku mmoja, asubuhi unalia. Sasa mume kapelekwa kulima pamba ya jumbe, nyavu za kuwindia zimekatazwa, wewe uko peke yako na watoto na debe la kupiga. Kodi ikija huna hata cha kula. Naielewa hiyo sababu kuliko zote zilizotajwa humu.

#31 Mkwezi_wa_Nandete
Mama umeongea. Ila bado anayewakataza nyavu ni nani? Akida.

#32 Kijana_HKL
Nimeamua. Swali langu: "Kwa nini mapokeo ya wazee wa wilaya ninayosoma yanakumbuka njaa kuliko mapigano?" Nitahoji wazee kama wanne, nitalinganisha na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu vita hii, na vitabu. Mwalimu kasoma, ameandika "Sasa." Neno moja tu. Nimeipokea kama ndiyo.

#33 MzeeWaChaki
Ndiyo hiyo, kwa walimu wa aina yake. Chunga mawili. Swali lako limeshaamua kwamba wanakumbuka njaa zaidi. Je, ukikuta wanakumbuka mapigano? Liache wazi: "wanakumbuka nini". Na Jamaliddini aliishi Lindi chini ya Mjerumani na hakuwa upande wa wapiganaji, kwa hiyo soma utenzi ukijua alikokaa. Anza kuandika sasa hivi, hata aya mbovu, usisubiri "kumaliza utafiti". Hauishi.

#34 Dada_Kinasa
Na wahoji wanawake. Wakikupeleka kwa wazee wa kiume tu wenye kofia, sema unataka na bibi.

#35 Mtani_wa_Iringa
Ukimaliza leta humu tuisome. Na usisahau kuweka Lugalo.

#36 NdunaMstaafu
Lugalo 1891, mradi ni 1905. Mtani hesabu tu zinakushinda, ndiyo maana mlikosa vita.

#37 Mchumi_Pwani
Bado sijamalizana na #30. Nguruwe walikuwepo kabla ya Mjerumani na watu hawakuingia vitani. Kilichobadilika ni pamba na kodi.

#38 Mama_Shamba
Walikuwepo, na wanaume nao walikuwepo nyumbani, na nyavu zao. Soma tena nilichoandika.

#39 Mchumi_Pwani
Wanaume waliondolewa nyumbani na nini kama siyo pamba?

#40 NdunaMstaafu
Ungoni hakukuwa na pamba. Nasema mara ya pili.